Kapu la Mama Siga

Birame Thiaw alikuwa na majina ishirini na tisa mdomoni, na jina jingine la ziada lililopachikwa katikati yao halikuwa la mwanamieleka. Lilikuwa la mwanamke, tena mwanamke aliyeuza karanga sokoni na kumaliza siku yake bila kumkosea mtu.

Kila alipoingia uwanjani, iwe Dakar, Thiès au Kaolack, kabla hajamgusa mtu Birame alilizunguka duara la mchanga huku ngoma zikimfuata, akiwataja mmoja mmoja wote aliowahi kuwabwaga. Hilo halikuwa kosa. Majigambo ndiyo daftari la mwanamieleka, na asiyejigamba atajuaje mtu kama alishinda? Lakini alipofika kwa Diégane, kijana wa kijijini kwao Ngalagne, hakutosheka na Diégane mwenyewe. Alisimama, akaugeukia upande wa wanawake, akatandaza mikono, akainua kidevu juu na kunguruma: “Nilimbwaga Diégane wa Siga! Mama mtu akaja na kapu, akaokota vipande!” Ngoma zikajibu kapu, kapu, kapu. Uwanja mzima ukacheka, na redio ikakisambaza kicheko hicho nchi nzima.

Kwetu Wasereri mtu huitwa kwa jina la mama. Baba anakupa shamba, mama anakupa damu. Kwa hiyo ukimbwaga mtu unamtaja mama yake, na hakuna wa kulalamika. Ila kumtaja ni jambo moja, na kumtoa mama wa watu mbio na kapu mbele ya taifa ni jambo lingine. Wazee waliguna. Baadaye Birame akawa tajiri, akaujengea msikiti bati jipya, na waliokuwa wakiguna wakapata kikohozi.

Siga alizika mume na watoto wawili bila kuinama mgongo. Kapu ndilo lililomwinamisha. Watoto wa sokoni walimkimbilia nalo: “Mama Siga, kapu lako hili hapa! Kuna mguu umeusahau!” Akaacha kubeba kapu. Karanga zake akawa anazifunga kwenye kitambaa kama mzigo wa mkimbizi, halafu akaacha kwenda sokoni kabisa. Alikufa wakati wa mavuno, redio ya jirani ikiwa wazi, na Birame yumo ndani yake akijigamba.

Aliyemfumba macho ni binti yake, Dibor. Dibor ndiye mwimbaji mkuu wa Ngalagne, yule anayeketi mchangani mbele ya wanawake wenzake na kuongoza nyimbo wakati wanaume wanashikana viuno. Ana sauti ya kukata, na moyo wake unaweka kinyongo kama chungu kinavyoweka moto. Siku ile hakulia. Aliizima redio ya jirani kwa mkono wake mwenyewe, bila kuomba ruhusa, akala kiapo kwamba atamkalisha Birame mchangani na kumpa mama yake Birame kitu cha kuokota.

Kazi hiyo alikwishaianza zamani. Dibor aliwahi kuolewa ng'ambo ya mpaka, upande wa Gambia, katika kijiji cha Niumi, akazaa mtoto mmoja wa kiume, Ngor. Aliporudi kumuuguza mama yake, mtoto alibaki kwa baba yake, Waly Sarr. Na Diégane, kaka yake aliyebwagwa, ambaye Ngalagne nzima iliamini amepotelea Gabon, hakwenda mbali hivyo. Alikuwa Niumi kwa shemeji yake, akilima karanga asubuhi, na jioni akimfunza mieleka mpwa wake. Mjomba ndiye mwenye mtoto kwetu, na Diégane alimfundisha kijana yule kwa hasira yote iliyombakia.

Miaka ikaenda. Birame akaendelea kubwaga watu hadi akafikia rekodi ya kutoangushwa, mapambano ishirini na tisa mfululizo, aliyoiacha bingwa mmoja wa zamani wa huku kwetu Sine. Akibwaga wa thelathini, rekodi itakuwa yake peke yake. Waandaaji walitaka shughuli hiyo ifanyike Dakar. Birame akakataa. Alitaka kuivunja nyumbani, Ngalagne, kwa mieleka ya jadi isiyo na ngumi, kwenye mchanga uleule alioanzia. Alitaka mama yake, bibi kizee Téning, aketi kwenye kiti cha mbele aone.

Wiki ya pambano akaja kwa Dibor na kitenge kipya mkononi, manukato yake yakimtangulia.

“Dada Dibor! Koo bado lipo?”

“Koo lipo. Wewe ndiye sijui kiuno umekipeleka wapi. Naona tumbo tu.”

Birame akacheka hadi mabega yakatetemeka. “Hili si tumbo, dada. Hii ni ghala. Sasa sikiliza, nataka uniimbe Jumapili. Uniimbe hasa, redio watakuwepo, televisheni watakuwepo. Nataka siku watu wakiitaja rekodi wasikie na sauti yako.”

“Nitakuimba.”

“Hunichukii kwa yale ya Diégane?” Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hanunui. “Ni mambo ya ngoma tu. Watu wamelizoea lile neno. Nikiliruka wapiga ngoma wenyewe wanachanganyikiwa.”

“Mambo ya ngoma,” Dibor akasema, na kukipokea kitenge. “Na huyo unayepigana naye ni nani?”

“Mtoto mmoja wa Gambia. Waandaaji waliniletea majina matatu, nikachagua huyo. Nimeuliza habari zake: baba yake Waly Sarr analima karanga, babu yake alilima karanga, ukoo mzima haujawahi kuangusha hata mbuzi. Nitamlaza kabla chai haijachemka.”

Dibor alingoja. Alingoja aone kama mwanaume huyu, Msereri mzaliwa wa Ngalagne, atasema neno juu ya upande wa mama. Nguvu za mwanamieleka, hirizi zake, bahati yake, vyote hutoka kwa mama, na hata mtoto mchunga mbuzi anajua kuuliza hivyo. Birame alikuwa amekaa mjini mno, hata Dibor aliolewa na nani hakujua. Alizoea kadi za uanachama na majina ya baba. Alimaliza chai yake, akasifu sukari, akaondoka.

Dibor alikikunja kitenge kile, akakitumia kufutia masufuria.

Ngor aliposhuka kwenye gari pamoja na kundi lake, Dibor alimpa kibuyu cha maji kama wageni wote. “Karibu, mgeni.” “Ahsante, mama,” kijana akasema, na kwa kuwa kila mwanamke huitwa mama, hakuna aliyegeuka. Diégane alibaki Niumi, maana sura yake ingefichua kila kitu. Lakini wanawake wa kuitikia nyimbo si vipofu. Mossane, aliyekuwa akikaa ubavuni mwa Dibor tangu wakiwa wasichana, alimvuta kando.

“Shoga, yule mtoto ana mabega ya bibi yake. Watu wana macho.”

“Basi wayafumbe hadi Jumapili.”

“Sisi tutafumba. Siga alikuwa mama yetu sote. Ila niambie, utafanya nini hasa?”

“Nitaimba,” Dibor akasema. “Si ndiyo kazi yangu?”

Mossane akaenda kuwaambia wenzake. Wote wakafunga midomo, na hilo halijawahi kutokea Ngalagne.

Jumapili alasiri uwanja ulijaa hadi watu wakapanda juu ya mapaa. Mtangazaji wa redio alikuwa amechomeka kipaza sauti chake mchangani, mbele ya wanawake, ili nyimbo ziingie vizuri, na alikuwa hachoki kusema: leo ni historia, leo rekodi inavunjwa, mabibi na mabwana, mkawaambie wajukuu zenu mlikuwepo. Bibi Téning aliketi kwenye kiti cha mbele, mgongo wima, amejifunika mabegani nguo nzito ya buluu iliyofumwa kwa mkono, ile ya kuvaliwa arusini na mazishini.

Birame akaingia. Walikuwa wamemmwagia kombe, yale maji ya aya zilizooshwa, na maziwa mpaka anang'aa, hirizi zimemzunguka mikono na kiuno. Na Dibor akamwimba. Jamani, alimwimba! Alimwita mbuyu wa Sine, alimwita mlango wa chuma, aliwataja wote aliowabwaga kwa sauti tamu hivi kwamba wazee walifuta macho. Alikuwa akimnenepesha kama fahali wa sadaka, na kila neno lilimchoma kooni likipita. Birame akacheza, akajigamba, akafika palepale. Akaugeukia upande wa wanawake, akatandaza mikono, kidevu juu.

“Nilimbwaga Diégane wa Siga! Mama mtu akaja na kapu...”

Kapu, kapu, kapu, zikasema ngoma. Watu wakacheka. Dibor naye akacheka, meno yote nje, akimtazama kidevu.

Maana hicho ndicho alichokuwa amekisoma miaka yote ile. Mwimbaji anaketi chini, miguu ya wanamieleka iko mbele ya uso wake, na Dibor alimtafuta Birame mahali palipolegea kuanzia unyayo hadi utosini bila kupaona. Mwanaume yule alikuwa amejengwa. Ila aligundua hili: neno la kapu lilikuwa limemwingia mwilini. Hakuwa akiamua tena kugeuka. Shingo iligeuka yenyewe, kidevu kilipanda chenyewe, na uzito wote ukahamia mguu wa kulia. Siku moja huko Kaolack shabiki mmoja mlevi alilipiga kelele neno lile katikati ya pambano, na Dibor aliyekuwa amekwenda kuimba aliona kidevu kikipanda kidogo na mguu wa kushoto ukipoteza ardhi. Mpinzani hakuona. Dibor aliona, akaipeleka habari hiyo Niumi.

Ngor aliingia kimya. Alipoulizwa majigambo yake alisema tu, “Sina. Nimekuja kuyachukua.” Watu wakamzomea kwa furaha. Birame akamgeukia mtangazaji: “Mwandikieni barua baba yake, aandae karanga za msiba!”

Mwamuzi akawaita. Wakainama, mikono ikipapasana kama watu wanaotafuta kitu gizani. Sheria kwetu ni fupi: mgongo, makalio, au mikono na magoti kwa pamoja, kimoja kikigusa mchanga umekwisha. Birame alimshika kijana kiunoni mara ya kwanza, akamwinua. Ngor akatua kwa miguu. Mara ya pili alimsukuma hadi ukingoni, kijana akapiga goti moja na mkono mmoja, watu wakasimama, lakini goti la pili halikugusa. Dibor aliendelea kuimba nyimbo za Birame. Kama mtoto huyu angebwagwa, Birame angekuwa na jina la thelathini, na safari hii angelijua la mama, na neno lake angelitunga palepale. Siga na Dibor, mama na binti, wangetembea na kapu redioni mpaka mwisho wa dunia.

Wakashikana tena, kichwa kwa kichwa. Birame akapumua kwa nguvu, akajiandaa kuinua. Dibor akaukata wimbo katikati.

Kisha, kwa sauti aliyokuwa hajawahi kuitumia kwa maneno yale, maneno aliyoapa hayatapita kinywani mwake, Dibor akaimba: “Alimbwaga Diégane wa Siga! Mama mtu akaja na kapu...”

Wapiga ngoma hawakufikiri. Kapu, kapu, kapu! Watu wakapiga kelele. Shingo ya Birame ikageuka kidogo tu, kama mtu aliyeitwa na rafiki, na kidevu kikapanda. Ngor akazama. Akaudaka mguu wa kushoto kwa mikono miwili, akautoa chini yake, akasukuma kwa bega, lile bega la Siga, na Birame Thiaw, mapambano ishirini na tisa bila kuanguka, akaketi mchangani kitako, miguu mbele, kama mtoto anayesubiri uji.

Hakuna aliyeshangilia mara moja. Watu walikuwa wakitazama makalio yale mchangani kana kwamba yangeweza kukanusha. Kisha mwamuzi akainua mkono wa kijana, na uwanja ukalipuka.

“Huyu ni nani?” mtangazaji alikuwa akipiga kelele. “Huyu mtoto ni wa nani?”

Dibor akasimama. “Ni wangu!” akasema. “Ngor wa Dibor wa Siga!”

Birame aliinua macho akamtazama. Akalielewa, na Dibor akaona anavyolielewa, usoni pake, taratibu, na akalinywa tukio lile hadi tone la mwisho. Ilikuwa tamu. Atakayekwambia kisasi hakina utamu hajawahi kukingoja muda mrefu. Na hakuwa amemaliza. Alikivuta kipaza sauti kutoka mchangani akautoa wimbo aliokuwa ameutunga kando ya kaburi la mama yake:

“Birame wa Téning ameketi chini! Mama mtu njoo na ungo, upepete mchanga, pengine utampata!”

Wanawake wakaitikia kwa nguvu, ungo, ungo, na ngoma zikalidaka neno jipya kwa uroho. Watu wakaangua kicheko, walewale waliocheka ya kapu. Dibor akaurudia. Akaurudia tena. Na alikuwa akimtafuta bibi Téning kwa macho ili amwone akiinama.

Bibi Téning alikuwa amekwisha kusimama. Alikuja akivuka mchanga polepole, peke yake, akampita mwanawe pale chini bila kumtazama. Ngoma zikapungua. Alipofika mbele ya Dibor akaivua ile nguo ya buluu mabegani mwake na kumvika.

Watu wote walijua maana yake. Mwimbaji akilitaja jina la mtu na mtu huyo akamvika nguo, basi mwimbaji hana hiari tena: humwimbia aliyemvika ukoo wake wa kike, mama mzaa mama, hadi aishiwe na majina. Lakini aliyevikwa siku zote ni mwimbaji aliyesifu. Hakuna aliyewahi kumvika aliyemtukana.

“Mjukuu wa Siga nilimjua tangu aliposhuka garini,” bibi Téning akasema. Hakupaza sauti, ila kipaza sauti kilikuwa mkononi mwa Dibor, na kila mtu alisikia. “Leo asubuhi mwanangu alipatwa na wasiwasi, akaniuliza: mama, huyu kijana ni wa tumbo gani? Nikamwambia simjui.”

Nyuma yake Birame aligeuza kichwa.

“Siga alikuwa mwenzangu,” bibi akaendelea. “Tumepalilia pamoja, tumezaa mwaka mmoja. Birame nilimkanya, hakusikia, nami niliona aibu kuja kwenu. Leo nimelipa kwa nilichonacho. Sasa niimbie mama yangu, mwanangu, tuende nyumbani.”

Nguo ile ilikuwa na joto la mwili wake na harufu ya udi. Sitasema kwamba haikumgusa Dibor. Ilimgusa, na kwa kitambo kidogo jina la mama yake Téning lilimjia ulimini, maana aliyajua majina ya koo zote. Lakini kabla halijatoka aliuona mgongo wa Siga, umeinama juu ya kitambaa cha karanga, ukipita nyuma ya nyumba ili watoto wasiuone. Na akamkumbuka Téning siku ya mazishi, ameketi nyuma kabisa, na kuondoka kabla ya chakula.

“Umechelewa,” Dibor akasema. “Nguo hii angeitaka yeye, akiwa hai.”

Akaivua, akaiachia ianguke mchangani.

Kisha akainua kipaza sauti. “Birame wa Téning ameketi chini! Mama mtu njoo na ungo...”

Akangoja kuitikiwa. Mossane alikuwa akitazama viganja vyake. Wa pili alikuwa akifunga kilemba chake upya, wa tatu amegeuka kando. Mpiga ngoma mkubwa alikuwa amekibana kijiti chake kwapani. Ngor, aliyekuwa amebebwa mabegani na kundi lake, aliomba ashushwe, akasimama chini na mikono yake haijui pa kukaa.

Bibi Téning aliinama akaiokota nguo, akaikung'uta mchanga pande zote mbili, akaenda kumfunika nayo mwanawe.

Dibor aliuanza upya wimbo. Safari hii alipofika kwenye ungo hakungoja mtu. Aliimba sehemu yake na akaimba na sehemu yao, na redio ikaipeleka sauti ile moja nchi nzima.